Nani Amwambie Mjomba?

Ndugu msomaji, kabla hujageuza ukurasa naomba nikuulize. Mzee mmoja ana jiwe. Amelitunza karibu miaka 30 ndani ya kopo akiamini ni mali. Wewe, kwa vielimu vyako vya hapa na pale, umegundua kwamba si mali. Mzee hajakuuliza kitu. Je, unayo ruhusa ya kumwambia? Na kama ruhusa unayo, je, ni wajibu wako, au ni kiherehere tu?

Usiwe na haraka ya kujibu. Wengi niliowauliza pale kijiweni Lizaboni wanasema, "Mwambie tu bwana, ukweli ni ukweli." Wanasema hivyo wakiwa wameshika vikombe vya kahawa, na mzee si mjomba wao. Huyu ni mjomba wangu mimi, kaka wa mama, tumbo moja, na ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu na cha nne.

Mjomba alikwenda Tunduru mwaka 1995. Wakubwa wanaosoma ukurasa huu wanajua maana ya kwenda Tunduru miaka ile. Yakuti zilikuwa zimeonekana kwenye changarawe za mito, Muhuwesi na vijito vyake, na watu wakahamia huko kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu. Vijana wa Mbinga waliacha kahawa, wa Songea wakaacha mahindi, wengine wakaacha na wake. Wanunuzi walitoka Thailand na Sri Lanka, wakaketi kwenye meza zao na kurunzi ndogo, na mchimbaji akasimama mbele yao na karatasi iliyokunjwa kiganjani kama mgonjwa aliyeleta choo kupimwa. Yule wa mezani anajua. Huyu aliyesimama hajui. Bei inazaliwa hapo katikati.

Wachache waliukata, wakajenga nyumba za matofali ya kuchoma hapa mjini. Wengi walirudi na hadithi. Mjomba alirudi na malaria, redio isiyo na mfuniko wa betri, na jiwe moja alilopewa na mwenzake kufidia deni. Mwenzake huyo alimwambia kuwa mzungu mmoja mtaalamu wa miamba alilishika, akalipima kwa mkono, akasema neno moja: platinamu.

Jiwe lenyewe ni kama yai la bata. Rangi yake ni ya kijivu yenye kumetameta kama bati jipya lililopigwa na jua la asubuhi. Na ni zito, jamani. Mtu akilipokea kwa mara ya kwanza mkono unashuka. Kila mgeni aliyeonyeshwa aliguna, na mguno ule kwa mjomba ulikuwa ni cheti.

Sasa sikiliza jambo linalonisumbua. Jiwe lile lilimfanya mjomba kuwa mtu mwingine. Aliacha kangara, kwa sababu mlevi huropoka siri. Shamba lake la ekari tatu njia ya kwenda Namtumbo aliombwa auze mara mbili, akakataa, akisema mtu mwenye mali hauzi shamba kwa njaa ya mwaka mmoja. Wenzake waliouza leo wanakodi. Alitulea sisi watoto wa dada yake bila kunung'unika, maana tajiri hanung'uniki. Kwa hiyo ukiniuliza kama jiwe lile lilikuwa na thamani, nitakwambia lilikuwa nayo. Mimi ninayeandika hapa nimesomeshwa nalo, ingawa halikuuzwa hata chembe.

Mwaka jana baada ya mavuno ikaja simu. Mtu wa Dar es Salaam, sauti ya kistaarabu, mara "mzee wangu", mara "baba". Eti amesikia habari za jiwe, eti kuna mnunuzi yuko hotelini, ila kwanza inatakiwa laki saba ya vipimo na kibali. Mjomba akaanza kuhesabu magunia. Gunia kumi na mbili za mahindi zilikuwa zimepangwa kwenye chumba cha mbele, na kila mtu nyumbani alijua ni za nini: za kumpeleka binamu yangu chuo cha uuguzi. Amefaulu, barua ya kuitwa imefika, imewekwa ndani ya Biblia.

"Nitamlipia mara kumi," mjomba alisema. "Wiki mbili tu."

Usiku ule sikulala. Nikachukua simu yangu yenye kioo kilichopasuka nikaanza kusoma habari za platinamu mpaka bando likaisha.

Nilichokikuta ni hiki. Platinamu mara chache hukaa peke yake ardhini. Hujificha ndani ya madini mengine, na mojawapo linaitwa sperilaiti. Jina limetokana na Francis Sperry, mkemia wa kampuni ya shaba kule Sudbury, Kanada, aliyeona punje nzito zisizoeleweka kwenye mawe ya mgodi. Mwaka 1889 Horace Wells wa chuo cha Yale akalieleza kitaalamu na kulipa jina la Sperry. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni platinamu. Sehemu iliyobaki, unajua ni nini? Aseniki. Sumu ile ile ya kuulia panya. Mali na sumu zimeshikana kwenye punje moja, na ukitaka kuzitenganisha kwa moto, moshi wake unaua. Sperilaiti ni nyeupe kama bati, inang'aa, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Wataalamu wanasema ndiyo madini ya platinamu yanayopatikana kwa wingi kuliko mengine, ila usidanganyike na neno "wingi", kwa sababu kwa kawaida punje zake ni ndogo hata kuliko ya ulezi, nyingine hazionekani bila hadubini. Zile kubwa, za kushikika, zimetoka sehemu chache, kama Talnakh huko Siberia na Afrika Kusini, na huwekwa makumbusho. Kwenye migodi mikubwa ya Afrika Kusini, ambako platinamu ilipatikana mwaka 1924, wanasaga tani nzima ya mwamba kupata gramu chache tu.

Gramu chache kwa tani. Na mjomba ana jiwe la yai la bata.

Na kwetu je, ipo? Upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kuna mwamba unaoitwa Kapalagulu ambao watafiti wamekuta ndani yake platinamu na ndugu yake paladiamu. Lakini miamba ya namna hiyo ni meusi mizito iliyopanda ikiwa uji wa moto kutoka chini kabisa ya dunia, ikapoa polepole tabaka juu ya tabaka. Changarawe za Tunduru ni mambo mengine. Huko ni yakuti, spineli, krisoberili, na ile aleksandraiti ambayo mchana ni ya kijani na usiku mbele ya taa inageuka nyekundu.

Hapo ndipo nilipoamua kupima. Nikaazima mizani ndogo ya betri kwa mshikaji wangu anayeuza viungo sokoni, nikangoja mjomba aende kanisani. Ndiyo, nililitoa jiwe kwenye kopo bila ruhusa. Naandika hapa ili nisijifanye mwema.

Njia yenyewe ni ya Archimedes, tuliifundishwa kidato cha pili, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itanitoa jasho. Unapima jiwe kavu: langu lilikuwa gramu 412. Halafu unaweka chombo cha maji juu ya mizani, unairudisha sifuri, unalifunga jiwe kwa uzi, unalining'iniza lizame bila kugusa chini. Mizani itapanda kwa uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, umepata jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji. Sperilaiti ni mara 10 na nusu hivi. Platinamu safi ni mara 21 na nusu hivi. Kwa hiyo kama jiwe la mjomba lingekuwa sperilaiti, mizani ingesoma 39. Kama ni platinamu tupu, 19.

Ikasoma 83.

Nikarudia mara nne. 83, 82, 83, 83. Nikaligeuza kopo, nikachukua kigae cha kikombe kilichovunjika, upande usio na rangi, nikakichora na jiwe. Sperilaiti huacha mstari mweusi. Jiwe la mjomba liliacha mstari mwekundu wa kutu. Ni chuma. Mawe ya chuma yanayong'aa namna ile yapo mengi duniani, na kule Liganga, Ludewa, si mbali sana na sisi, kuna mlima mzima wa mawe ya chuma ya aina nyingine.

Nililifuta maji kwa shati langu, nikalirudisha kwenye kopo, nikaketi. Kengele ya kanisa ikalia. Nilijiona kama mwizi, na hadi leo sijui nilikuwa nimeiba nini.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, maana hadithi bila swali ni umbea.

Swali la kwanza: kitu kina thamani kabla hakijajulikana? Wahispania walipofika Kolombia waliikuta platinamu kwenye mchanga wa dhahabu. Waliidharau. Wakaiita platina, yaani kijifedha, fedha ndogo isiyo na maana. Haikuyeyuka kwenye tanuri zao, na wajanja waligundua kuwa inachanganyika na dhahabu kuongeza uzito, kwa hiyo inaandikwa kwamba wakubwa waliamuru imwagwe mitoni ili isitumike kughushi. Mali ya mamilioni ikarudishwa majini kwa amri ya serikali! Ukisoma utacheka. Lakini waliokuwa wakiimwaga hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa wanatupa kitu kisicho na bei, na kisicho na bei machoni pa watu ni taka.

Mfano mwingine unanigusa zaidi. Mwaka 1845 mkemia wa Italia, Michele Peyrone, alitengeneza unga wa manjano wenye platinamu ndani yake. Ukawekwa kwenye vitabu, basi. Imepita miaka 120, ndipo mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Marekani, akichunguza habari nyingine kabisa, za umeme na bakteria, akaona bakteria wameacha kugawanyika. Kumbe ni platinamu iliyotoka kwenye nyaya zake. Ule unga wa zamani, kwa jina la sisplatini, ukaruhusiwa kuwa dawa ya saratani mwaka 1978 na unatumika mpaka leo, hata kwa saratani ya shingo ya kizazi inayowaua mama zetu. Sasa niambie, ile miaka 120 unga ule ulikuwa na thamani au haukuwa nayo? Uwezo wa kuponya ulikuwemo siku zote. Watu walikufa na dawa iko kabatini. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema thamani ni maneno ya watu tu. Bei ni maneno ya watu. Thamani inaweza kukaa gizani ikingoja, na haimdai mtu kuijua ili iwepo.

Ila ukikubali hilo, lazima ukubali na upande wa pili, na huo ndio mchungu. Kama thamani inaweza kuwepo bila kujulikana, basi inaweza pia kutokuwepo huku watu wote wakiiamini. Imani ya mjomba, kwa miaka yote hiyo, haikuongeza hata punje moja ya platinamu kwenye lile jiwe.

Swali la pili ni la anayejua. Hapa narudi kwetu Ruvuma, kwa sababu kuna kisa ambacho vijana wengi wa Songea hawakijui, nacho ni chetu. Yakuti nyingi za huku kwetu zilikuwa na rangi isiyovutia, za kahawia, zikinunuliwa kwa bei ya kutupa. Kuanzia mwaka 2001 hivi soko la dunia likaanza kuona yakuti za rangi ya chungwa na manjano, nzuri ajabu, kutoka Chanthaburi, Thailand. Wengi wakadhani ni machimbo mapya. Mwaka 2002 maabara wakagundua siri: ni mawe ya Songea na ya Madagaska, yamechomwa kwenye tanuri la moto mkali sana pamoja na vipande vya krisoberili. Kile krisoberili kina elementi iitwayo beriliamu, na beriliamu ikapenya ndani ya yakuti na kubadili rangi. Krisoberili, msomaji! Yale mawe yanayookotwa pamoja na yakuti kwenye changarawe hizo hizo. Dawa na mgonjwa walikuwa kwenye chekecheo moja.

Waliochoma hawakumwambia mnunuzi wa Marekani na Ulaya, kwa hiyo kule kukawa na kelele, maabara na wafanyabiashara wakilalamika kwamba wamedanganywa. Sikusoma mahali popote mtu akilalamika kwa niaba ya aliyekuwa amesimama kwenye maji ya Muhuwesi. Labda inaonekana yeye hakudanganywa, kwa kuwa alipewa bei aliyoikubali. Ndivyo tunavyosema siku zote: si alikubali? Lakini kukubali kwa asiyejua mbele ya anayejua ni kukubali kwa namna gani? Mtoto naye hukubali pipi.

Nchi nzima tulishawahi kuwa kama mjomba. Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki Dar es Salaam. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma taarifa yake, nasi tukiwa wanafunzi tumebanana mbele ya runinga ya dukani, tukasikia majina ambayo hata mwalimu wa kemia hakuwahi kuyatamka: rodiamu, iridiamu. Hao ni ndugu wa platinamu, ukoo mmoja. Kampuni ya Acacia ikakataa hesabu zile. Wengine mtaani wakapiga mahesabu kwamba kila Mtanzania angepata gari. Mwisho wake unajulikana: mazungumzo na Barrick, na Januari 2020 mkataba ukasainiwa, ikaundwa Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16. Kilichonibakia mimi si namba. Ni ile aibu ya kukaa siku zile zote bila kujua kopo letu la futi ishirini lina nini ndani, tukingoja mtu mwingine atuambie, na tukimwogea shaka kila anayetuambia.

Basi msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunijibu aandike, kurasa zipo. Anayejua anadaiwa na asiyejua. Deni hilo halingoji kuulizwa, hasa pale ambapo asiyejua yuko karibu kutoa kitu kisichorudi. Mnunuzi wa mezani alidaiwa. Yule wa simu ya Dar anadaiwa pia. Na mimi niliyepima jiwe kwa siri siku ya Jumapili nilikuwa na deni kubwa kuliko wao wote, maana wao ni wageni, mimi nimekula ugali wake.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi mtarajiwa kama sisi, alinipinga vikali. Alisema: "Wewe unataka kumpokonya mzee tumaini, umpe nini badala yake? Una laki saba?" Sina. "Basi mzuie tu kutuma pesa. Mwambie simu ile ni ya matapeli, ukweli mtupu, halafu jiwe liache libaki kwenye kopo." Ni hoja nzuri. Nilikaa nayo siku tatu. Ilikuwa inanipa njia ya kuwa mkweli nusu, na nusu hiyo ingetosha kuokoa magunia.

Kilichonitoa kwenye hoja hiyo ni daftari langu. Nina riwaya, madaftari mawili makubwa, nimeiandika miaka minne. Inahusu wachimbaji wa Tunduru. Niliwahi kumpa mtu mmoja ninayemheshimu sana aisome. Alikaa nayo miezi mitano, akanirudishia huku akitabasamu: "Nzuri sana kijana, endelea hivyo hivyo." Nilitembea kutoka mjini hadi Ruhuwiko nikiwa juu kwa juu. Nyumbani nikafungua. Kurasa za 40 na 41 nilizimwagia chai wakati nikiandika, zikagandana. Zilikuwa bado zimegandana.

Sikumchukia. Alinionea huruma. Lakini tangu siku ile kila sentensi ninayoiandika sijui kama ni sperilaiti au ni chuma, na yeye ambaye angeniambia aliamua kunipa tumaini. Nilijua wakati ule kwamba huruma ya namna ile sitaki kumfanyia mtu ninayempenda. Ningemwambia mjomba habari za simu peke yake, angengoja simu nyingine. Angekufa akingoja, nasi tungeendelea kuguna kila akilitoa kwenye kopo. Mguno wangu ungekuwa kurasa zilizogandana.

Nikaenda jioni. Alikuwa uani anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekula, uongo. Nikamweleza yote: kwamba nililichukua jiwe bila ruhusa, maji, uzi, 412 na 83, mstari mwekundu. Nilisema haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa chungu. Hakunikatiza. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, akalitupa, akachukua lingine.

"Ulipima kwa mizani ya nani?"

Nikamtaja yule mshikaji wa viungo.

Akacheka, cheko la puani. "Yule! Mama yako juzi alinunua kwake robo ya iliki, ikapungua. Mizani ile inaibia Songea nzima."

Nilitaka kumweleza kwamba kwa njia hii mizani ikiiba haidhuru, kwa sababu inaiba kavu na inaiba ndani ya maji kwa kiwango kile kile, na ukigawanya, wizi unafutana. Ni kweli kabisa, unaweza kuhakikisha. Nilitaka kumwambia pia kuwa tangu 1889 hadi Mei 2019 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa karibu na Paris, na mizani zote, hata ya yule mwizi, ukizifuata nyuma zinaishia kwenye kipande kile. Nikanyamaza. Alikuwa hasemi habari za mizani.

Tulikaa. Binamu yangu alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani. Simu ya mjomba ikaita juu ya stuli. Ilikuwa ile namba ya Dar. Ikaita mpaka ikakata.

"Mzungu alisema platinamu," akasema baadaye, lakini kwa sauti ya kuuliza. Hapo nikagundua jambo. Mzungu yule hakuwahi kumwona. Alimsikia tu kwa mwenzake aliyekuwa na deni. Mjomba alilijua hilo miaka yote, kama mimi nilivyojua zile kurasa mbili.

Akaniuliza, "Na wewe hicho kitabu chako unachokesha nacho, kimepimwa na nani?"

"Hakijapimwa, mjomba."

"Kinahusu nini?"

"Tunduru."

Akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. "Tunduru uliiona lini wewe?"

Akasema nikalete. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea mimi, taa ya sola ikiwa juu ya gunia. Nilianza na sura ya kwanza, pale mvua inapowakuta wachimbaji mtoni usiku. Nilikuwa naipenda sana sura hiyo. Simu ikaita tena. Akainyoosha mkono, akaizima bila kuiangalia. Nilipofika ukurasa wa pili akaniwekea kiganja juu ya daftari.

"Hapo umesema uongo," akasema. "Mvua ya Muhuwesi haianzi na ngurumo. Inaanza na maji kubadilika rangi, mvua yenyewe bado iko mbali huko juu. Ukisubiri ngurumo umekufa. Futa hapo. Tena mnachimba na nini nyinyi humo, mbona sijaona chekecheo?"

Nikatafuta kalamu.